Supu ya Kijapani yapikwa Mombo kwa dagaa na mboga za Lushoto

MTU asafiriye kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi huitambua Mombo kwa joto lake na kwa mboga zake. Joto ni la mji wenyewe, kwa kuwa Mombo iko bondeni, wilayani Korogwe, chini ya ukuta wa milima ya Usambara. Mboga huteremshwa kutoka Soni na Lushoto, ambako kuna baridi, nazo hufika hapo zingali na ubichi wake: kabichi, karoti, liki, vitunguu vya majani na viazi mviringo. Kandokando ya mji kuna mashamba ya mpunga yanayonyweshwa kwa mifereji. Dagaa wakavu nao hawakosekani sokoni.

Kwa vyakula hivyo jamaa moja ya Mombo ilipika supu ya miso, ambayo Wajapani wengi huinywa asubuhi pamoja na wali, kama sisi tunywavyo chai. Lakini kabla ya kuipika, nusura jamaa hiyo ijilishe sumu kwa bidii yake yenyewe. Ndiyo sababu makala haya yanaanza na kapu la wali ulioharibika, kisha yatafika kwenye sufuria.

KAPU LA KIBARAZANI

Jamaa yenyewe ni ya shangazi yangu. Nilifika kwake kumjulia hali, maana presha ilikuwa imempanda na daktari alikuwa amemwonya juu ya chumvi. Nilimkuta kibarazani, mikono kiunoni, mbele ya kapu lililofunikwa kwa gunia.

"Mwanangu, umefika wakati mzuri," aliniambia hata kabla sijatua mkoba. "Mwambie ndugu yako kwamba huu ni uchafu. Mimi amekataa kunisikia."

Ndugu yangu huyo, kijana wa shangazi, hulima mpunga. Miezi michache kabla ya hapo alikuwa amekwenda Moshi kwa mambo ya kilimo, na huko mgeni mmoja wa Kijapani alimwonjesha supu ya miso. Aliipenda mno. Alipouliza hutengenezwaje, aliambiwa kwamba ni soya, chumvi, na wali ulioota ukungu. Basi, akarudi nyumbani, akapika wali, akauweka kapuni na kuufunika. Siku ya nne nilipofunua gunia lile, niliona ukungu mweupe pembeni, wa kijani katikati, na mahali pengine wa manjano.

"Dada, wewe umesoma," aliniambia. "Si kweli kwamba Wajapani hutumia ukungu?"

Nikamjibu kwamba ni kweli, lakini aliyosimuliwa ni nusu ya habari, na nusu aliyoikosa ndiyo yenye hatari.

UKUNGU WA MBEGU NA UKUNGU WA HEWANI

Miso ni rojo nzito, mfano wa siagi ya karanga, yenye rangi ya manjano, kahawia au karibu na nyeusi. Hutengenezwa kwa soya iliyochemshwa hadi ikalainika na kupondwa, ikachanganywa na chumvi pamoja na kitu kiitwacho koji. Mchanganyiko huo hushindiliwa ndani ya pipa na kuachwa uchache kwa wiki chache, kwa miezi, au hata kwa zaidi ya mwaka. Sisi nasi tunajua kuchachusha vyakula. Togwa ni chakula cha namna hiyo, na uji mchachu pia. Tofauti ni kwamba togwa huwa tayari kwa siku moja au mbili, ilhali miso hudai subira ya msimu mzima na zaidi.

Koji mara nyingi ni mchele uliopikwa kwa mvuke, kisha ukaoteshwa aina maalumu ya kuvu ambayo wataalamu huiita Aspergillus oryzae. Hapo ndipo ilipo nusu ya habari ambayo ndugu yangu hakuambiwa. Kuvu hiyo haingojewi itoke hewani. Watengenezaji wa miso hununua mbegu yake kwa watu ambao kazi yao ni kuitunza mbegu hiyo tu, kazi iliyorithiwa kwa karne nyingi. Mchele hunyunyiziwa mbegu, ukawekwa katika chumba chenye joto la nyuzi 30 hivi za sentigredi, na baada ya siku mbili hivi huwa umeshikana, mweupe, wenye harufu tamu.

Kuvu hiyo ya Wajapani ina ndugu yake wa karibu sana aitwaye Aspergillus flavus. Huyu ndiye anayeishi katika udongo na hewa ya nchi za joto kama yetu, akashambulia mahindi, karanga na nafaka zisizokauka vizuri. Huyu ndiye atoaye sumukuvu. Kwa macho huwezi kuwatofautisha ndugu hawa wawili. Wala moto hausaidii, kwa sababu sumukuvu haiondoki kwa kuchemsha wala kukaanga. Ikiliwa kwa wingi huharibu ini na kuua. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka huleta saratani ya ini.

Si hadithi ya kutishia watoto. Mwaka 1960 nchini Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa muda mfupi, na uchunguzi ukaonyesha kwamba walilishwa karanga zenye kuvu. Hivyo ndivyo sumukuvu ilivyogunduliwa. Hapa kwetu, mwaka 2016, sumukuvu katika mahindi iliwaugua watu mikoani Dodoma na Manyara, na baadhi yao walipoteza maisha.

Ndugu yangu alisikiliza yote hayo kwa utulivu, kisha akasema, "Basi tuwape kuku, tusipoteze."

Hapana. Kuku nao hudhurika, na sumu yaweza kumfikia mwanadamu kwa njia ya mayai na nyama. Wali ule ulichimbiwa shimo nyuma ya nyumba ukafukiwa, na kapu likachomwa moto. Shangazi alisimamia kazi hiyo mwenyewe hadi mwisho.

Funzo kwa jamaa yoyote itakayosoma makala haya ni hili: miso inunuliwe ikiwa tayari. Kuna baadhi ya maduka makubwa ya vyakula katika Dar es Salaam yanayoiuza. Jioni ile nilimpigia simu mwenzangu wa kazini, akanunua pakiti moja, akaikabidhi kwa basi la asubuhi, na adhuhuri kifurushi kilikuwa Mombo. Pakiti ya nusu kilo yatosha kupika supu mara nyingi, na kwa sababu ya chumvi yake hukaa kwa miezi mingi ndani ya jokofu bila kuharibika, mradi ifunikwe vizuri na ichotwe kwa kijiko kikavu. Wasomaji wasiotumia kileo wasome maandishi ya pakiti kabla ya kununua, kwani viwanda vingine huongeza alkoholi kidogo ili kuzuia rojo isiendelee kuchacha.

SOYA SI MGENI USAMBARA

Tulipokuwa tukingoja kifurushi, shangazi aliuliza soya hiyo ni mmea gani mgeni hata usafirishwe kutoka Japani. Jibu lilimshangaza. Kwa kadiri ya kumbukumbu za kilimo, soya ilipandwa kwa mara ya kwanza katika nchi yetu mwaka 1907, katika kituo cha utafiti cha Amani, ambacho Wajerumani walikianzisha mwaka 1902. Amani iko Usambara ya Mashariki. Kwa maneno mengine, mmea uliomo ndani ya pakiti ile ulikwisha kuota katika milima hii hii zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Lakini haukuletwa kwa ajili ya sufuria ya mwananchi. Wakoloni waliujaribu kwa ajili ya biashara. Hali kadhalika huko Nachingwea, baada ya mpango mkubwa wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947, kushindwa, soya ilikuwa miongoni mwa mazao yaliyopandwa. Siku hizi mikoa kama Ruvuma na Mbeya inalima soya, na mwezi wa Oktoba 2020 China ilifungua soko lake kwa soya ya Tanzania. Hayo ni mazuri kwa mkulima. Hata hivyo, katika nyumba nyingi za mijini soya bado hujulikana kama unga wa kutia katika uji wa mtoto tu, au kama chakula cha kuku.

Ni hasara, kwa maana soya ni hodari wa kujenga mwili. Katika gramu 100 za soya kavu mna gramu 36 hivi za protini, ilhali maharage ya kawaida yana gramu 22 hivi. Jambo la kukumbuka ni kwamba soya haifai kuliwa mbichi wala nusu mbichi, maana ina vitu vinavyozuia tumbo kuitumia protini hiyo. Sharti ipikwe sana. Miso imekwisha kupikwa na kuchachushwa, hivyo haina shida hiyo.

Urafiki wa Wajapani na wakulima wetu nao si wa jana. Vijana wao wa kujitolea walianza kuja Tanzania mwaka 1967. Katika miaka ya 1980 mashamba ya mpunga ya Lower Moshi yalijengewa mifereji kwa ushirikiano na Japani, na mwaka 1994 kituo cha mafunzo ya kilimo, KATC, kikaanza kazi huko huko Moshi. Wakulima wetu wamejifunza kwao kupanda mpunga kwa mistari. Si ajabu basi kwamba mmoja wao arudi pia na hamu ya supu.

SIRI YA DAGAA

Supu ya miso ina nguzo mbili: miso yenyewe, na maji yenye ladha ambayo Wajapani huyaita dashi. Mahotelini dashi hupikwa kwa mwani mpana wa baharini na vipande vyembamba vya samaki aina ya jodari aliyekaushwa hadi akawa mgumu kama gogo. Vitu hivyo ni ghali na hapa havipatikani kwa urahisi. Aidha, mwani unaolimwa Zanzibar na pwani ya Tanga ni wa aina nyingine. Usidhani utafanya kazi ile ile.

Bahati njema, nyumba nyingi za Japani hutumia kitu rahisi zaidi kiitwacho niboshi. Niboshi ni samaki wadogo wa baharini waliochemshwa katika maji ya chumvi, kisha wakaanikwa juani. Wavuvi wa Zanzibar hufanya vivyo hivyo kwa dagaa wao, na magunia ya dagaa hao husafirishwa mpaka Kongo. Kwa hiyo dagaa wa baharini walioko sokoni Mombo ni ndugu halisi wa niboshi. Dagaa wa Kigoma nao wanafaa. Dagaa wa ziwa Victoria wana uchungu zaidi na mara nyingi mchanga, hivyo wahitaji kuchambuliwa kwa makini.

Kwa nini dagaa na miso hupatana? Mwaka 1908 profesa Kikunae Ikeda wa Tokyo aligundua kwamba utamu wa mchuzi wa mwani hutokana na kitu kiitwacho glutameti. Miso nayo ina kitu hicho kwa wingi, kwa kuwa kuchacha huivunjavunja protini ya soya. Mwaka 1913 Shintaro Kodama, mwanafunzi wake, akagundua kitu kingine katika samaki mkavu, kiitwacho inosineti. Vitu hivi viwili vikikutana katika bakuli moja, kila kimoja hukikuza kingine. Ndiyo sababu konzi moja ya dagaa yaweza kutia ladha sufuria nzima bila nyama wala mafuta.

MAPISHI YENYEWE

Kwa watu 4 tayarisha vitu hivi:

Maji, lita 1.
Dagaa wakavu wa baharini, konzi 1 (gramu 20 hadi 30).
Viazi mviringo 2 vya kadiri.
Karoti 1.
Majani 2 ya kabichi.
Vitunguu vya majani, miche 2.
Miso, vijiko 3 vikubwa vya mfuto.

1. Wachambue dagaa: ondoa vichwa na matumbo, maana ndimo ulimo uchungu. Wasuuze upesi kwa maji baridi. Usiwaoshe kwa maji ya moto kama tulivyozoea, kwa sababu utamwaga ladha unayoitafuta.

2. Waloweke katika ile lita moja ya maji kwa nusu saa. Ukipenda kupika asubuhi, waloweke usiku ndani ya jokofu. Katika joto la Mombo usiwaache mezani usiku kucha.

3. Weka sufuria kwenye moto mdogo. Yakianza kuchemka, engua povu, kisha acha yachemke polepole kwa dakika 7 hivi bila kufunika. Chuja. Onja maji: ikiwa dagaa walikuwa na chumvi nyingi, utajua mapema kwamba miso ipungue.

4. Rudisha maji jikoni. Tia viazi na karoti zilizokatwa vipande vidogo. Zikikaribia kuiva, tia kabichi iliyokatwa nyembamba.

5. Mboga zikiiva, epua sufuria. Weka miso katika upawa, chota maji kidogo ya supu, koroga hadi rojo iyeyuke, ndipo uimimine sufuriani. Ukiitupa bonge zima itazama chini na supu itakuwa na chumvi mahali pamoja.

6. Rudisha kwenye moto kidogo tu ili ipate joto. Isichemke tena. Miso ikichemka harufu yake hupotea, na hiyo harufu ndiyo iliyongojewa miezi yote ndani ya pipa.

7. Nyunyiza vitunguu vya majani vilivyokatwakatwa, pakua, nywa ingali moto. Usiongeze chumvi.

Dagaa waliochujwa wasitupwe. Wakaange kwa kitunguu na nyanya, watakuwa kitoweo cha ugali. Jamaa ikikosa miso, isihangaike kutafuta kitu cha kuigiza: maji yale ya dagaa na mboga zile, pamoja na soya iliyochemshwa hadi kulainika, ni supu nzuri kwa jina lake yenyewe.

HESABU YA CHUMVI

Shangazi alipoonja miso mbichi kwa ncha ya kidole, alirudi nyuma. "Mwanangu, hii ni chumvi tupu, na daktari amenikataza."

Alikuwa na haki. Miso nyingi huwa na chumvi gramu 10 hadi 13 katika kila gramu 100. Kwa kipimo tulichokitaja, kila bakuli hupata gramu moja na nusu hivi. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kwa hiyo bakuli moja ni karibu theluthi ya haki yake ya siku nzima. Anayekunywa supu hii asubuhi na apunguze chumvi katika mboga ya mchana na ya jioni. Mwenye presha aanze kwa nusu ya kipimo cha miso na aulize ushauri wa daktari wake. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe.

Wajapani wenyewe walijifunza jambo hili kwa uchungu. Mkoa wa Nagano uko milimani, nao husifika kwa miso yake. Zamani kiharusi kiliwaua watu wengi huko. Waelimishaji wa afya wa kujitolea, wengi wao akina mama, walipita nyumba kwa nyumba wakipima chumvi ya supu na kuwafundisha majirani kupunguza miso na kuongeza mboga. Hivi leo Nagano inahesabiwa miongoni mwa mikoa ambayo watu wake huishi umri mrefu zaidi katika Japani. Hawakuiacha supu yao. Waliongeza mboga ndani ya bakuli, wakapunguza kijiko.

Shangazi naye alifanya hivyo. Alijipakulia bakuli lake kabla sufuria haijatiwa miso, akayeyushia humo nusu ya kijiko, nasi tukaendelea na kipimo chetu. Wajapani huinywa na wali. Sisi tuliinywa na wali wa mpunga wa Mombo, na shangazi akaomba ugali. Alikunywa kimya hadi nusu ya bakuli, kisha akamgeukia mwanawe.

"Kumbe ni mchuzi wa dagaa uliokwenda shule," alisema. "Sasa kwa nini ulitaka kutuua na kapu lako?"

Kijana alicheka, akaomba aongezewe. Kabla sijaondoka alikuwa amekwisha kuulizia sokoni mbegu ya soya, apande kipande kimoja cha shamba mpunga ukivunwa. Kuhusu kuvu, aliahidi kuwaachia wanaotunza mbegu yake.